Kapu la Shaka

Mama yangu alikuwa apasuliwe nyonga siku ya Alhamisi, na Jumatatu ya wiki hiyohiyo mimi nilikuwa nimekaa kwenye kikao napigiwa makofi. Mpaka leo nikisikia makofi ya chumba cha mikutano, natoka nje.

Makofi yalikuwa ya ubao. Ubao wenyewe mweupe, mrefu, umechorwa vyumba vidogo vidogo, kila idara na chumba chake. Chumba kikipakwa kijani, maana yake idara hiyo imetekeleza mkakati. Kikipakwa nyekundu, mkuu wa idara anasimama mbele za watu aeleze kulikoni. Idara yangu, ya kupiga pasi na kukunja, ilikuwa kijani kwa wiki ya tisa mfululizo. Meneja akasema mimi ni mfano wa kuigwa. Mshauri aliyeletwa kutufundisha kugeuza mkakati kuwa vitendo, bwana mmoja wa viatu vyenye ncha na manukato ya kuumiza kichwa, akanisimamisha kando ya kile kijani akanipiga picha. Nami nikatabasamu. Nilitabasamu meno yote nje, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mengine yote nitakayoyasema hapa.

Sisi tunafua mashuka ya hospitali. Malori yanaleta magunia alfajiri, na ndani ya magunia kuna kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa ukiwa na dhiki. Asiyezoea akifungua gunia la wodi ya wazazi asubuhi, hali chakula mpaka jioni. Mashuka yanalowekwa, yanafuliwa, yanakaushwa, kisha yanakuja kwetu, wanawake kumi na wawili na pasi ya roli, ile mashine ndefu inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili likiwa moto. Tunapokea, tunakunja, tunapanga. Shuka likitoka hapo linakwenda kitandani moja kwa moja, kwa hiyo mikono yetu ndiyo ya mwisho kulipitia kabla mgonjwa hajalilalia.

Kando ya meza ya kukunjia palikuwa na kapu. Kapu kubwa la plastiki ya kusuka, linafika kiunoni, mpini wake mmoja umefungwa waya. Liliwekwa na msimamizi aliyenitangulia, mama mmoja tuliyemwita Mkongwe, na sheria yake ilikuwa moja: ukilitilia shuka shaka, litupe kapuni, usiulize mtu. Si lazima uone doa. Pengine ni kivuli tu, au harufu, au kitambaa kinanata kwenye vidole bila sababu. Litupe, litarudi kulowekwa upya. "Shaka haina ushahidi," Mkongwe alikuwa akituambia, "ndiyo maana nimeipa kapu lake." Siku nyingine yaliingia sitini, siku nyingine mia mbili ikiwa dawa ya madoa imepungua huko chini. Hakuna aliyelaumiwa. Tuliliita kapu la shaka, na kwa miaka kumi na tisa sikuliwazia zaidi ya mtu anavyouwazia mlango wa nyumba yake.

Ndipo ukaja mkakati. Kitabu cha kurasa sitini, karatasi za kuteleza, jalada lina muuguzi anacheka hadi unajiuliza anacheka nini. Lengo la pili liliandikwa: Ubora asilimia mia ifikapo mwisho wa mwaka. Sikuwa na ugomvi nalo. Nani anataka uchafu? Lakini Mshauri alisema lengo bila kipimo ni ndoto, akashuka chini kwetu siku tatu nzima na kompyuta yake ya mkononi kutafuta cha kupima. Siku ya tatu akaliona kapu.

"Hili ni la nini?" aliniuliza.

"La mashuka tunayoyatilia shaka. Yanarudi kufuliwa."

"Kwa hiyo kila shuka lililomo humu ni kosa."

"Si kosa, ndugu yangu. Kosa ni likitoka nje."

"Lakini lingefuliwa vizuri lisingeingia humu, au siyo?"

"Ndiyo, ila..."

"Sawasawa," akasema, akaandika. Nilichungulia nikaona ameandika kosa.

Jumatatu iliyofuata nilikuta kipimo cha idara yangu kiko ubaoni: idadi ya mashuka yaliyomo kapuni. Yasizidi kumi kwa siku, kijani. Yakizidi, nyekundu. Wiki ya kwanza wastani wetu ulikuwa mia na arobaini. Nikasimama nikaeleza kwamba dawa ya madoa haitoshi, na kwamba sehemu ya kuloweka wamepunguzwa watu wanne ili lengo la tatu, lile la ufanisi, liwe kijani. Meneja akanisikiliza huku anachezea kalamu.

"Dada, hapa hatuleti sababu," akasema. "Tunaleta suluhisho."

Wiki ya pili nyekundu. Wiki ya tatu nyekundu, na tukaambiwa idara itakayobaki nyekundu itaangaliwa kama inahitaji watu wote iliyo nao. Niliwatazama wanawake wangu kumi na wawili. Kulikuwa na Mama Pacha, anayepokea mashuka kwenye mdomo wa roli, mjane, watoto wawili tumbo moja. Ningemwambia nini?

Wiki ya nne Meneja mwenyewe akashuka na walinzi wawili, wakalibeba kapu, wakapanda nalo juu. Kapu halipo, mashuka kapuni ni sifuri, ubao ukawa kijani. Kikaoni Mshauri akasema tumeondoa kosa kwenye chanzo chake. Watu wazima, wenye vyeti, wakapiga makofi.

Sasa ujione wewe umesimama pale mezani. Umeshika shuka, unaliona kabisa lina kitu. Nyuma yako roli inatema jingine, na jingine. Utaliweka wapi? Sakafuni ni marufuku. Ukilirudisha kwa wenzetu wa kuloweka, hawalipokei, maana likirudi litahesabiwa kwao na chumba chao kitakuwa chekundu. Mama Pacha alisimama nalo mikononi siku ile ya kwanza, mashuka yanamrundikia, akaniita.

"Dada, hili nilipeleke wapi?"

Wote wakaacha kazi wakanitazama. Nilikuwa na hasira zilizonifika kooni. Nikamnyang'anya lile shuka, nikalitandaza, nikaanza kulikunja kinyume na tulivyozoea. Badala ya kuanzia pembeni nilianzia katikati, doa nikalilaza ndani, nikalifunika upande huu na upande huu, kona nikazisukumia chini, nikalipiga kiganja. Juu likatokea jeupe, limenyooka, utadhani la arusi.

"Hivi," nikasema. "Funika kombe mwanaharamu apite."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kwa wiki moja wote kumi na wawili waliujua ule mkunjo, na wakaupa jina, mkunjo wa mkakati. Mwanzoni, nisiseme uongo, niliufanya kwa kukomoa. Walitaka kijani, basi wale kijani chao washibe. Baadaye kukomoa kukaisha, ikabaki kazi tu. Mkono ukizoea hauombi tena ruhusa. Nilikuwa nakunja usaha wa watu ndani ya kitambaa cheupe huku nazungumzia bei ya viatu vya shule.

Kisha mama akaanguka bafuni.

Mama yangu amefua nguo za watu maisha yake yote. Kwa mikono, si kwa mashine. Ametusomesha mimi na kaka yangu kwa sabuni ya kipande. Kabla sijajua kusoma nilijua kukunja, na nikikosea alikuwa anaikunjua tu ile nguo na kunirudishia. Nyonga ilivunjika, daktari akasema apasuliwe, na hospitali ni ileile tunayoifulia.

Sikieni ujanja wangu. Jumatano nilichagua mashuka sita. Niliyainua moja moja dirishani, nikayanusa, nikayapitisha shavuni. Nikayafunga kwa utepe mweupe nikamkabidhi dereva wa lori. "Haya ya mama yangu," nikamwambia, "wodi ya tano, kitanda cha dirishani." Dereva akanihakikishia. Nilirudi mezani nimetulia kabisa, nikaendelea kuwakunjia mama za wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nilidhani binadamu ni mmoja tu, wa kitanda cha dirishani.

Dereva alifikisha. Stoo ya hospitali nayo ikafungua utepe ikayapanga rafuni na mengine. Stoo haijui mama wa mtu.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Upasuaji ulikuwa umepita salama, ameketi ameegemezwa kwenye mito, amechoka lakini mdomo umeshaanza kazi. Alikuwa amekwisha kuwatangazia wodi nzima.

"Huyu ndiye mwanangu," akawaambia akina mama wa vitanda vya jirani nilipoingia. "Mashuka yote mnayolalia yanapita mikononi mwake."

"Hongera, mwanetu," akasema mmoja. Mwingine akaniombea dua. Niliitikia nikitazama ndoo ya kupigia deki.

Muuguzi akaja kubadilisha shuka. Akaweka safi mapajani mwa mama, akasema anafuata glavu. Mama akabaki nalo. Akaanza kulipapasa kwa kidole gumba, kando ya mkunjo, taratibu, kama alivyokuwa akipapasa nguo za watu kutafuta vifungo vilivyolegea.

"Mkunjo huu siujui," akasema.

"Ni wa siku hizi, mama. Liache, muuguzi anakuja."

"Aliyekunja hili ana mkono mzuri. Angalia kona zilivyokaa." Akaligeuza. "Lakini mtu hakunji hivi bila sababu, mwanangu. Huyu anaficha kitu."

Nilinyoosha mkono nilichukue. Akaliondoa upande wa pili, akalikunjua. Mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Doa lilikuwa katikati, la njano iliyoungua, ukubwa wa kiganja, kingo zake ngumu kwa moto wa pasi. Na harufu ikapanda, harufu ya usaha uliopikwa. Miaka kumi na tisa nimefanya kazi na magunia yale na sijawahi kutapika, lakini pale nilishika chuma cha kitanda.

Mama aliliacha mapajani. Alijiinua kwa kiwiko, akauma meno kwa maumivu, akavuta upande wa shuka alilokuwa amelilalia tangu Alhamisi. Nalo lilikuwa na lake. Lilikuwa chini ya nyonga, pale pale palipofungwa bandeji.

"Nani kakunja?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Haya sijui ni nani, mama. Lakini mkunjo ni wangu. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Yeye akageuza macho kuwatazama akina mama wa vitanda vya jirani, waliokuwa wakizungumza yao, kisha akanisukumia lile shuka.

"Likunje upesi," akasema. "Wasione."

Nikalikunja. Mkunjo uleule, kona zimekaa, juu jeupe. Mama mzima wa miaka sabini, aliyefua mpaka kucha zikang'oka, alinikinga kwa kiganja chake ili aibu yangu isionekane na watu aliojisifia kwao. Kabla muuguzi hajarudi nikalivuta na lile la chini, nikayatia yote mawili kwenye mkoba wangu, nikaenda nyumbani kumletea shuka lake mwenyewe.

Jumapili mama alishikwa na homa. Jumatatu asubuhi kaka akanipigia simu kwamba kidonda kinatoa usaha na daktari amesema kitafunguliwa tena. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za kiwandani. Nilitaka kugeuza njia niende hospitali, lakini ule mkoba ulikuwa begani, nikapanda juu.

Siku hiyo walikuja wageni kutoka makao makuu kuona mkakati unavyotekelezwa. Mezani kulikuwa na maji ya chupa na biskuti kwenye sahani zenye karatasi ya maua. Mkurugenzi, mama mtu mzima mwenye miwani, alikaa mwanzo wa meza. Picha yangu ilikuwa ukutani, natabasamu, na juu yake wameandika: Kutoka Karatasini Hadi Mikononi. Meneja alizungumza, Mshauri akazungumza, maneno yakawa mengi kama povu la sabuni mbovu, ambalo ukilikamua hubaki maji machafu.

"Sasa," Meneja akasema akinyoosha mkono kwangu, "dada yetu atatueleza alivyoligeuza lengo la pili kuwa vitendo."

Nikasimama. Nikasogeza biskuti pembeni.

"Sitaeleza, nitaonyesha," nikasema, nikatoa shuka la kwanza mkobani, nikaliweka mezani likiwa limekunjwa. "Hili limepita kwangu. Mnalionaje?"

"Safi sana," akasema Mshauri.

Nikalikunjua. Polepole, kama mama alivyolikunjua. Nikatandaza na la pili juu yake. Mtu mmoja wa makao makuu akasukuma kiti nyuma. Mwingine akaziba pua kwa tai. Mkurugenzi hakusogea, alivua miwani tu.

"Haya nimeyatoa kitandani kwa mama yangu mzazi," nikasema. "Hili la juu amelilalia siku mbili na kidonda kibichi. Mkinisikia vizuri, mimi ndiye niliyebuni namna ya kuyakunja yasionekane. Ndivyo nilivyolitekeleza lengo la pili."

Kisha Mshauri akakohoa.

"Hii ni changamoto ya utekelezaji," akasema. "Mkakati wenyewe hauna tatizo. Na tukumbuke kwa siku yanatoka mashuka elfu nne. Mawili, ukipiga asilimia..."

"Lala," nikamwambia.

"Samahani?"

"Mawili ni machache. Vua koti ulale hapa juu, kisha upige hiyo asilimia."

Hakulala. Alitazama viatu vyake vyenye ncha. Meneja alikuwa amepata rangi ya majivu.

"Nani alikuagiza kufundisha watu mkunjo huo?" akauliza. "Nani?"

"Hakuna aliyeniagiza. Mlinipa rangi ya kutafuta, mkaniondolea mahali pa kuweka uchafu. Nikabaki na mikono, nikaitumia. Mchafu ni mimi, wala sikatai. Ila nilisimama hapa wiki tatu nikawaambia, mkaniambia mnataka suluhisho. Suluhisho ndilo hilo, lichukueni."

Hapo ndipo nikaliona. Lilikuwa kwenye kona, nyuma ya kiti cha Meneja, mpini wake umefungwa waya. Walikuwa wamelijaza nakala za mkakati, zimeviringishwa na kufungwa utepe, za kugawia wageni. Nikalishika nikalipindua. Nakala zikamwagika na kubingirika hadi miguuni mwa Mkurugenzi. Nikatia mle mashuka mawili, nikalibeba kapu langu kichwani nikashuka ngazi, na hakuna aliyenizuia.

Chini roli ilikuwa inanguruma. Nililiweka kapu mahali pake pa zamani, ambapo sakafu bado ilikuwa na duara la rangi tofauti. Wanawake wakanitazama. Mama Pacha alikuwa ameshika shuka, ameshaanza kulianzia katikati. Akasimama, akalikunjua, akalitupa kapuni kwa nguvu kama anatupa nyoka. Kufikia saa sita kapu lilikuwa limefurika. Siku ile tulilimwaga mara tano, na hesabu ilikuwa mashuka mia nne na kumi na mbili. Jioni nilipanda juu, chumba cha mikutano kitupu, nikachukua kalamu nikakipaka chumba changu chekundu kwa mkono wangu.

Nilipewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo. Kapu lilibaki. Nasikia Mkurugenzi aliuliza swali moja tu: kapu lilipokuwapo, hospitali ililalamika mara ngapi? Walikwenda kutafuta kwenye majalada hawakukuta hata lalamiko moja. Sehemu ya kuloweka wakarudishiwa watu wawili kati ya wanne. Mshauri mkataba wake uliisha akaenda kushauri wengine, na nimeambiwa kwenye semina zake bado anaonyesha picha yangu.

Mama alifunguliwa kidonda, kikasafishwa, akakaa wodini wiki tano. Nilimwuliza daktari kama ni shuka. Akasema kidonda huweza kuoza kwa sababu mia moja na hakuna wa kuapa ni ipi. Alidhani ananifariji. Sasa mama anatembea kwa fimbo, anakaa kwangu, na neno la mashuka hajalisema tena, si kwangu wala kwa kaka.

Ila kila Jumamosi ninapombadilishia, nikimwekea shuka safi nililolifua mimi, nikalipiga pasi mimi, nikalikunja kwa mkunjo alionifundisha mwenyewe nikiwa mtoto, haniruhusu nilitandike. Analivuta mapajani. Analikunjua lote, mpaka mwisho, analipapasa katikati kwa kidole gumba. Mimi nasimama kando ya kitanda, mikono nyuma, nangoja amalize.